Mwana wa Kaltun Hewani

Qali Abdille hakuzoea kushindwa, na hakuona kwa nini aanze mazoea hayo Hagadera, katika kambi ya wakimbizi wa Kisomali. Alikuwa binti wa Garissa, mtoto wa mchuuzi wa ng'ombe, na alikuwa amepenya shule moja baada ya nyingine mpaka majirani wakachoka kumwuliza baba yake ataozwa lini. Sasa, mwaka wa 1998, alikuwa akiandika tasnifu ya uzamifu katika chuo kikuu kimoja cha Nairobi kuhusu kitu ambacho nusu ya walimu wake hawajawahi kukigusa: mtandao wa kompyuta, na namna utakavyobadilisha maisha ya watu wasio na simu wala anwani, na wengine wasio na nchi. Msimamizi wake, Profesa Nzioki, alimwuliza kwa nini asikae Nairobi tu, kwenye kompyuta zenyewe. Qali akamjibu kwamba aliyekaa mtoni hawezi kukupa habari za kiu. Profesa alicheka, akamtilia sahihi.

Basi akaja. Mvua kubwa za mwaka uliopita zilikuwa zimeila barabara ya kutoka Garissa, na lori alilopanda lilinasa matopeni mara nyingi kiasi kwamba alishuka akiwa na rangi moja na ardhi. Hakulalamika. Katika ofisi ya shirika moja la misaada karibu na kambi palikuwa na kompyuta iliyounganishwa na setilaiti, ambayo ilituma na kupokea barua pepe mara moja kwa siku, pale jenereta ilipojaliwa kuamka. Qali aliomba ruhusa ya kuitumia, akapewa. Alizunguka kambini akichukua majina ya watu waliopotelewa na jamaa zao vitani, akayatuma kwa jumuiya ya wanafunzi wa Kisomali waliokuwa wakiandikiana kwa kompyuta kutoka kila pembe ya Ulaya na Marekani. Swali la tasnifu yake lilikuwa rahisi, na alijiona ameshalipata jibu: je, watu hawa watauamini mtandao?

Kwa majuma kadhaa wanafunzi wale walimrudishia salamu, mabishano ya siasa na mashairi marefu ya kulilia nchi. Jamaa hata mmoja hakuonekana. Kisha asubuhi moja ukaja ujumbe kutoka Ufini: "Mimi ni Mustaf, mwana wa Kaltun wa Afmadow. Nimeliona jina la mama yangu. Naomba mumwambie kwamba nipo, na kwamba nataka kumleta kwangu."

Qali alisoma, akasoma tena, akajicheka mwenyewe kwa furaha. Sura nzima ya tasnifu ilikuwa imesimama mbele yake kwa miguu miwili.

Kaltun alijulikana na kila mtu sokoni Hagadera. Aliuza maziwa ya ngamia, alikuwa mrefu, na sauti yake ilitangulia kufika kabla yake. Miaka sita alikuwa akisema mwanawe Mustaf alipotea walipokuwa wakikimbia vita. Qali alimtumia mtu akamwita ofisini. Chuo kilikuwa kimemfundisha kwamba habari za mhojiwa ni siri ya mhojiwa, na Profesa Nzioki alikuwa amelisisitiza hilo mpaka Qali angeweza kulikariri usingizini. Kwa hiyo alimwingiza mama yule katika chumba kidogo cha stoo, akafunga mlango, akavuta kiti karibu, akaanza kwa sauti ya chini.

"Eddo Kaltun," alisema, akimwita shangazi kama ilivyo adabu, "nina habari yako."

Kaltun aliutazama mlango uliofungwa. Akamtazama Qali. Akaushika utaji wake kwa mikono miwili.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema. "Nani amekufa?"

Hapo ndipo Qali alipokumbuka yeye ni mtoto wa nani. Kwao habari njema hutangazwa tangu getini, kwa kelele, na jirani huitwa aje asikie. Anayevutwa kando na kunong'onezwa huwa anapewa habari ya kifo, au ya talaka. Alikuwa amelijua hilo tangu akinyonya, na chuo kikuu kilikuwa kimelifunika kwa karatasi zake. Aliona aibu, aibu ya kweli ya kuwaka masikio.

"Hakuna aliyekufa, eddo. Mustaf yu hai."

Akamsomea ujumbe. Kaltun alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Qali alingoja machozi, na alikuwa ameshajiandaa kulia naye.

"Alipoandika haya," Kaltun aliuliza, "nani alikuwepo?"

"Hakuna. Aliandika peke yake."

"Nawe ulipoyasoma?"

"Peke yangu. Ni siri yako, nimekutunzia."

"Kwa hiyo mtu mmoja peke yake amemwandikia mtu mmoja peke yake, na sasa wewe peke yako unaniambia mimi peke yangu." Kaltun akasimama. "Hooyo," alisema, kama mama wa Kisomali anavyomwita mtoto kwa neno lile lile la mama, "binti yangu, kwetu hayo tunayaita umbea. Maziwa yangu yako juani."

Akaondoka.

Jambo lenyewe halikuwa la kuchezea. Ofisi ile ile ilikuwa na afisa wa kuunganisha familia, kijana mpole kutoka Bungoma, na utaratibu wake ulikuwa wazi: mwana akishamtaja mama, mama naye sharti aje atamke mbele ya afisa kwamba huyo ni mwanawe. Asipotamka kabla ya mwisho wa mwezi, faili hufungwa, na faili iliyofungwa Hagadera kuifungua tena ni kama kukamua fahali. Kaltun aliitwa, akaja, akaketi mbele ya afisa, akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mama, huyu Mustaf ni mtoto wako?"

"Mimi habana jua."

"Ameandika jina lako, jina la baba yake, hata mji wenu."

"Mimi naona karatasi tu," Kaltun alisema. "Karatasi iko na mdomo?"

Afisa alimgeukia Qali kwa huruma. "Dada, hapa kila wiki naletewa watu wanaodai watoto wa wenzao ili wapate kusafiri. Huyu ni wa kwanza kumkataa wa kwake."

Qali alikasirika, nasi tusimfichie. Alikasirika kwa ajili ya tasnifu yake, halafu akakasirika kwa kuwa alikuwa amekasirikia tasnifu. Akamwandikia Mustaf kwamba mama haamini maandishi. Mustaf akajibu siku iliyofuata kwamba basi atapiga simu ya setilaiti pale ofisini, mama aitwe peke yake, wazungumze. Ofisi ilikubali. Qali alikwenda mbio sokoni na habari hiyo, na safari hii alimpa Kaltun akiwa amesimama kati ya wateja.

"Simu hiyo," Kaltun aliuliza huku akimimina maziwa, "watasikia wangapi?"

"Wewe na yeye tu, eddo."

"Wachache."

"Unataka wangapi?"

"Wewe ndiye msomi," alisema Kaltun, akampa mteja kikombe chake.

Msomi yule alirudi akitembea polepole katikati ya mikokoteni ya punda, na miguu yake, bila kumwuliza, ikampeleka kwenye taar ya Kulow. Taar ndiyo redio ya kuzungumza kwa zamu, mmoja akisema huku mwingine akingoja asikie "ova" ndipo ajibu. Kila mji wa Kisomali ulikuwa na yake, na baba yake Qali mwenyewe aliulizia bei za ng'ombe huko kabla homa ya Bonde la Ufa haijalifunga soko la Garissa. Ya Kulow ilikaa katika kibanda cha mabati, waya wake umetandazwa juu ya miti miwili mirefu, ikinyonya nguvu kutoka betri ya gari. Kuhusu kibali chake, watu wenye adabu hawakuuliza. Mkekani walikaa wanaume na wanawake waliongoja kuitwa, na kila aliyezungumza alisikiwa na wote waliokuwa kibandani, na wote waliokuwa kwenye masafa hayo kutoka Rhamu hadi Kismayu.

Qali aliketi, akaomba chai. Kwa kuwa hakuwa na la kupoteza, aliuliza kwa sauti ya kusikiwa na wote lile swali aliloliuliza chumbani kwa majuma mengi akijibiwa "ndiyo, nzuri" na kila mtu: mtu akikutumia habari kwa kompyuta, utaiamini?

Kibanda kizima kilimjibu kwa mpigo. Mzee mmoja alisema ataiamini ikisomwa mbele yake na watu wawili wasiopendana. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasema kompyuta ni sawa kwa bei za sukari, si kwa posa. Mwingine akampinga, akasema hata posa, mradi mjumbe apite mbele ya watu. Wakasahihishana, wakatukanana kwa upendo, wakataja mifano na majina. Penye wengi pana mengi, na Qali, ambaye majuma yote yale alikuwa amevuna "ndiyo, nzuri" gunia zima, alianza kuandika mpaka vidole vikauma. Alijiona mjinga, akafurahi kujiona hivyo, maana ujinga ukishaonekana hauishi sana.

"Wewe si ndiye uliyemletea Kaltun karatasi ya mwanawe?" aliuliza mwanamke mmoja mnene aliyekaa pembeni. Huyo alikuwa Barwaqo, jirani wa Kaltun, aliyekimbia naye kutoka Afmadow.

"Ndiye mimi."

"Atakwambia kijana alipotea. Mimi nilikuwepo Liboi, pale mpakani. Nilimwona kwa macho haya akipanda lori la kwenda Garissa, mama yake amelala. Hakupotea. Alimtupa. Nimesema miaka sita, na miaka sita Kaltun hanisalimii."

Watu mkekani waliendelea kunywa chai yao bila mshangao. Ilikuwa wazi kwamba kila mmoja alikuwa ameshalisikia. Lisemwalo lipo, na hili lilikuwa likisemwa kila Kaltun alipopita na ndoo zake.

Qali aliiweka chai chini. Aliona sasa kilichotakiwa, au alidhani ameona. Kaltun alitaka mashahidi. Sauti ya mwanawe isikiwe na watu waliomjua, wamtambue, wamwambie: ndiye huyu. Kama ni hivyo, basi njia ilikuwa mbele yake, inachemka vumbi na kelele.

"Kulow," alimwita mwenye redio, mtu mkimya aliyezoea kusikia mambo ya watu na kuyameza. "Mwenzako wa Eastleigh, kule Nairobi, ana simu chumbani mwake?"

"Anayo."

"Mtu akimpigia simu kutoka Ulaya, anaweza kuushika mkono wa simu pale mdomoni mwa redio?"

Kulow alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama anajua kutia chai sukari. "Tunafanya hivyo kila Ijumaa, abaayo, dada yangu. Wewe ulidhani watu wa Ulaya wanatufikiaje?"

Yote yakawa yamepangika, isipokuwa Mustaf mwenyewe. Qali alimwandikia siku hiyo hiyo: utapiga simu Eastleigh, Eastleigh watakuunganisha kwa taar, mama yako atakuwa Hagadera kwa Kulow, pamoja na Barwaqo na majirani wengine. Jibu lilikuja haraka, na halikuwa zuri. Mustaf aliomba asifanyiwe hivyo. Aliandika kwamba taar husikiwa na dunia nzima, kwamba Barwaqo na wenzake watakuwepo, kwamba ana mambo ya kumwambia mama yake ambayo si ya masikio ya watu. Akamkumbusha Qali kwamba yeye ni mtafiti, na kwamba mwanzoni kabisa aliahidi siri.

Hapo Qali alikaa mbele ya kompyuta ile muda mrefu, jenereta ikikoroma nje. Ahadi ilikuwa ahadi. Angeweza kumwambia kijana, sawa, tutakutunzia. Faili ingefungwa mwisho wa mwezi kwa usiri mkubwa, na siri ingehifadhiwa salama kwenye kabati la chuma. Alimwandikia kwanza Profesa Nzioki, akamweleza kwamba chumba cha stoo amekiacha na sasa anauliza maswali yake mkekani. Profesa akajibu kwa mstari mmoja: "Mhojiwa mwenyewe akichagua hadhara, hadhara ni haki yake. Hakikisha amechagua." Basi akamwandikia Mustaf.

"Ndugu yangu, siri yako ninayo na sitaitoa. Ukitaka, yaishie hapa, sitamwambia mama yako kwa nini. Lakini taar haina mlango, na mama yako hataki mahali penye mlango. Mficha uchi hazai. Uamuzi ni wako."

Siku iliyofuata hakukuja kitu, na iliyofuata pia. Afisa wa Bungoma alikuwa akimpita Qali ukumbini bila kumwuliza, kwa upole wake, na upole huo ulimchoma kuliko swali. Qali alikula kidogo, akagombana na mpishi bila sababu, lakini hakukubali moyoni kwamba kijana yule hatarudi. Alikuwa amemsoma. Mtu asiyetaka hajitetei kwa maneno mengi hivyo.

Siku ya tatu Mustaf aliandika maneno mawili tu: "Saa ngapi?"

Ilipangwa iwe baada ya sala ya alasiri. Kufika wakati huo kibanda cha Kulow hakikuwa na nafasi ya kupitisha hata kuku. Waliokosa mkeka walisimama nje wakiegemea mabati, na wenye mikokoteni waliwafungua punda wao kabisa, maana waliona hakuna biashara itakayofanyika. Barwaqo alikuja mapema akapata mahali pazuri. Kaltun alikuja mwisho, amevaa utaji mpya, akapishwa bila kuomba. Aliketi mbele ya redio kama mtu aliyekuja kununua.

Kulow aliita Eastleigh. Eastleigh wakaitika. Kulow akaomba vituo vingine viache masafa kwa muda. Kismayu wakasema sawa. Rhamu wakasema sawa, lakini wao watabaki wakisikiliza tu, na Liboi nao wakasema hivyo hivyo. Kukawa na mikwaruzo, sauti ya mtu akishika kitu, kisha sauti nyembamba ya kijana, ikija kwa simu kutoka kwenye theluji, ikipita mdomoni mwa redio mtaani Nairobi, ikatua kati ya ndoo na viatu vya watu wa Hagadera. Qali, aliyekuwa ameisoma habari ya mitandao katika vitabu vizito, alisisimkwa mwili mzima. Barua pepe ilikuwa imepanga saa, simu imebeba sauti, redio imeimwaga mbele ya watu, na hakuna chombo hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kimeua kingine kama wataalamu walivyotabiri.

"Assalamu alaykum. Ova," ilisema sauti.

"Wa alaykum salaam. Hapa Kaltun. Nani mwenzangu? Ova."

"Ni mimi Mustaf. Ova."

"Mustaf ni wengi. Ova."

Sauti ikaanza kutaja baba, na babu, na baba wa babu, ikipanda ukoo ngazi kwa ngazi, na mkekani wazee waliufuata kwa midomo, wakitikisa vichwa kila jina lilipokaa mahali pake. Alipofika juu kabisa, mzee mmoja akasema, "Ndiye." Wengine wakasema, "Ndiye." Qali alivuta pumzi. Mashahidi walikuwa wamesema, jambo limekwisha.

Kaltun hakumtazama mtu. Alibonyeza kitufe.

"Hao ni watu wa baba yako, nawajua, nimeolewa kwao," alisema. "Mimi ni nani? Ova."

"Wewe ni mama yangu. Ova."

"Mara ya mwisho uliniona wapi? Ova."

Redio ilikwaruza. Hakuna neno lililokuja. Kulow alinyoosha mkono kwenye swichi akidhani wimbi limekatika, na Kaltun akaushika mkono ule, akaurudisha mahali pake. Watu walisubiri. Qali aligundua kwamba alikuwa ameuma kalamu mpaka wino.

"Liboi," ilisema sauti mwishowe. "Ulikuwa umelala, ulikuwa na homa. Lori la Garissa lilikuwa na nafasi moja. Nilijua ukiamka utanishika nguo, nami nitashindwa. Niliondoka bila kukuaga, hooyo. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitamwandikia, na kila mwaka aibu ilikuwa imeongezeka. Nilikutupa. Nisamehe. Ova."

Barwaqo alikuwa ameinamisha kichwa na kuchora mkeka kwa kidole, na hakuonekana kama mtu aliyeshinda.

"Rudia," alisema Kaltun. "Labda Rhamu hawakusikia vizuri. Ova."

Kabla kijana hajajibu, sauti nyingine nzito ikaingia kutoka mbali kaskazini. "Rhamu tumesikia, eddo. Tumesikia sote. Ova."

Mtu mmoja nje alicheka, na wengine wakacheka naye, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Hata Kulow mkimya alicheka. Kaltun hakucheka. Machozi yalikuwa yakimtiririka waziwazi, naye hakuyafuta wala kuyaficha, akabonyeza kitufe akasema kwa sauti yake ile ile ya sokoni:

"Nimekusamehe, mwanangu. Mbele ya Mungu na mbele ya hawa. Ova."

Huko Ufini kijana alilia, na kilio chake kikasikiwa mpaka Kismayu, na hakuna mtu aliyekuwa na haraka ya kuchukua zamu. Kaltun alimwacha alie. Kisha akageuka, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, akamtazama jirani yake usoni.

"Barwaqo, ulisema kweli. Alinitupa. Leo umemsikia pia akiniokota. Nenda ukaliseme na hilo, kwa mdomo ule ule."

"Nitalisema," Barwaqo alijibu. "Wallahi nitalisema."

Qali alitoka na Kaltun. Watu walikuwa wakimshika Kaltun mikono, wakimpongeza kama mama wa mtoto aliyezaliwa asubuhi ile, na ilichukua muda kabla hawajapata kutembea wawili.

"Eddo, nilidhani unataka watu wakusaidie kumtambua."

"Kumtambua?" Kaltun alimwangalia kwa mapenzi, na kwa dhihaka kidogo. "Nilimtambua siku ile uliponifungia stoo. Nani mwingine duniani angejitaabisha kumdanganya Kaltun muuza maziwa? Nina nini cha kuibiwa?"

"Basi kwa nini ulimkataa?"

"Sikumkataa. Nilimngoja. Nilitupwa mbele za watu, hooyo, miaka sita nimepita kati yao nikiwa nimetupwa. Niokotwe chumbani, mlango umefungwa? Ningekwenda huko kwake nikaishi vizuri, na hapa ningebaki mwanamke aliyetupwa, daima."

Qali alilifungua daftari lake akiwa bado anatembea. Alikuwa amekuja kuuliza kama watu watauamini mtandao, na kila mtu aliyemhoji chumbani alikuwa amemjibu kwa adabu swali lisilomhusu. Swali lao lilikuwa: nani mwingine atakuwepo kusikia? Alijua papo hapo kwamba tasnifu itabidi aianze upya kutoka ukurasa wa kwanza, na alijua vilevile kwamba itakuwa nzuri, tena nzuri sana. Alitamani kuanza hata kabla hajala.

Asubuhi iliyofuata walikwenda kwa afisa, na mwezi ulikuwa bado haujaisha.

"Mama," afisa aliuliza, "huyu Mustaf ni mtoto wako?"

"Mtoto yangu."

"Juzi ulisema humjui. Leo una uhakika?"

"Wewe uliza mutu yeyote huko nje," Kaltun alisema. "Uliza Rhamu."

Afisa alimtazama Qali, Qali akaitikia kwa kichwa, na afisa akaandika akitabasamu. "Vizuri, mama. Hongera. Sasa tutapanga safari yako ya Ufini."

"Habana," alisema Kaltun.

Kalamu ya afisa ilisimama. Hata Qali aligeuka.

"Yeye nakuja hapa kwanza," Kaltun alisema, akiuweka utaji wake sawa mabegani bila haraka. "Jana yeye naniokota kwa mdomo. Basi akuje. Mutu kama naokota kitu, lazima nainama."